Kiti cha Nyuma

Mke wangu hutengeneza meno. Nikisema hivyo watu hudhani ni daktari, na yeye akiwa karibu hunikatiza haraka: "Daktari anang'oa, mimi narudisha." Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya kliniki ya meno. Kina dirisha moja, sinki iliyogandiwa plasta pembezoni, na rafu ambayo taya za watu wasiojuana zimepangwa zikitabasamu zote kwa pamoja. Alianza kazi hiyo kabla hatujaoana, na tangu siku ya kwanza ameiendea kwa baiskeli.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea ndicho cha mbele na mlango wake unafunguka barabarani, kwa hiyo kila asubuhi namwona akiondoka. Hukunja mguu wa kulia wa suruali na kuubana kwa kibanio cha nguo ili mnyororo usiung'ate. Hufunga viatu vya kazini kwenye keria. Hubonyeza tairi kwa kidole gumba, ya mbele kisha ya nyuma, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Halafu hupanda, na kabla hajafika kona mgongo wake umeshabadilika. Mwanamke yuleyule aliyeamka akilalamikia kiuno anakaa wima kama aliyeitwa jukwaani.

Mimi sipandi baiskeli. Nilijaribu nikiwa mchumba, nikaishia kwenye mtaro, na yeye akanioa hivyohivyo, maana sidhani kama ni mimi niliyemwoa.

Kazini wanamwita Mama Pedeli. Njia yake naijua kwa kusimuliwa. Kwanza mteremko mpaka kwenye reli, pale ambapo lazima uikate reli moja kwa moja, si kwa mshazari, la sivyo itameza gurudumu. Kisha mzunguko mkubwa wa malori, anapopiga moyo konde kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Kisha kilima kirefu cha tangi la maji, halafu kliniki. Kuna dereva wa gari la mikate ambaye hukutana naye karibu kila asubuhi na kumpigia kelele dirishani, "Mama, nunua gari!" Yeye humjibu, "Niuzie hilo lako, ila utoe mikate kwanza!" Mvua ikinyesha huvaa mfuko wa plastiki juu ya kilemba. Upepo ukimjia usoni huutukana kwa sauti, kwa kuwa, anasema, upepo hauna mama wa kuusemea.

Siku moja boksi lilimdondoka pale kwenye mzunguko, seti nzima ya meno ya jaji mstaafu ikatawanyika barabarani. Trafiki akasimamisha magari pande zote, akamjia mbio.

"Mama, umepoteza nini?"

"Meno."

Trafiki akamtazama mdomoni, akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa. Hata leo akimwona humpigia saluti na kugusa midomo yake, kumuuliza kama yote yapo.

Jumapili haendi kazini lakini baiskeli inatoka vilevile. Wanakutana wachache: mwalimu wa hesabu, nesi mmoja mwenye sauti ya kuamsha wafu, na dereva wa teksi anayesema amechoka kukaa. Wanakwenda nje ya mji mpaka kwenye bwawa, wanakula mayai ya kuchemsha, wanarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa namuuliza, "Wiki nzima uko juu ya kiti hicho, Jumapili pia?" Akanijibu, "Wiki nzima napelekwa na kazi. Jumapili najipeleka."

Aliyemfundisha kuendesha ni kaka yake.

Shemeji yangu huyo alikuwa msoma mita wa maji. Miaka yote ya ujana na utu uzima wake aliizunguka mitaa hii juu ya baiskeli nyeusi ya idara, nzito kama kitanda cha chuma, akiingia uani kwa watu, akifunua vifuniko, akisoma namba, akitoka. Alijua nyumba ipi ina mbwa anayebweka tu na ipi ina mbwa anayenyamaza, ambaye ndiye wa kuogopwa. Alijua nani anaoga sana na nani anamwagilia bustani kwa siri wakati wa mgao. Baiskeli ilipochakaa idara ikamwachia iwe yake. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mcheshi kwa kiasi, mwenye kidevu kilichonyolewa kila siku ya Mungu.

Kisha akaanza kugongana na vitu vya pembeni. Leo bega limegonga lango lililo wazi, kesho ameparamia mkokoteni uliosimama mchana kweupe. Yeye alilaumu watu. "Siku hizi kila mtu anaacha vitu ovyo," alisema. Mbwa wanyamavu walimuuma mara mbili kutoka upande asiouona. Mke wangu ndiye aliyeshtuka, siku walipokuwa wanaendesha sambamba na yeye akamsemesha kutoka kushoto, kaka akageuka akimtafuta kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Ilikuwa imemla kutoka ukingoni kwenda katikati, polepole, bila maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Walimpa dawa ya matone kuokoa kilichobaki, lakini tulikuwa tumechelewa. Katika muda usiofika mwaka kilichobaki kilikuwa mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita.

Mkewe alikuwa amefariki zamani na watoto wake wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Tukamleta kwetu. Baiskeli nyeusi ikaingia stoo, nyuma ya magunia ya vipande vya nguo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Mchana alikaa nami chumba cha mbele, akinikunjia nguo zilizokamilika na kunishikia mikono ya mashati nikitafuta kasoro. Kwa mlio wa cherehani alijua sindano imepinda kabla yangu. Jioni mke wangu akirudi, kaka alimsubiri mlangoni, na swali lilikuwa moja: "Mdogo wangu, leo barabara ilikuwaje?" Na mke wangu, hata kama ameloa chapachapa, alivuta kigoda na kumsimulia: nani kapaka rangi ukuta, wapi wamechimba, mti upi umekatwa. Kaka alisahihisha. "Hapo si kwa yule mama wa kuku?" "Ndipo." "Basi kuna shimo mbele ya lango lake." "Wamelifukia, kaka." Na kaka alionekana kuumia kidogo, kana kwamba wangemwomba ruhusa kwanza.

Halafu akaacha kuuliza.

Hakugombana na mtu. Aliacha tu, kama redio inavyopungua betri. Akaanza kuchelewa kuamka, kisha akawa haamki mpaka aitwe chakula. Kidevu kikaota ndevu nyeupe. Nikimpa shati akunje, analishika mapajani na kulisahau. Nilimwambia mke wangu, "Shemeji anatuponyoka." Alijua. Alikuwa anajua kabla yangu, na alikuwa amechukia, si kaka yake, bali ile hali yenyewe, kama anavyouchukia upepo.

Jumapili moja alirudi kutoka bwawani akiwa na uso ninaoufahamu. Ni uso wa mtu ambaye ameshaamua na sasa anatafuta namna ya kukuomba ushauri. Kule bwawani walikuwa wamekutana na watu wawili waliopanda baiskeli moja ndefu, mmoja mbele, mmoja nyuma, kila mmoja na pedeli zake.

"Wa nyuma hashiki usukani," aliniambia akivua viatu. "Ana vishikio tu, havigeuki. Wa nyuma anakanyaga, basi."

"Na macho?"

"Macho ya wa nyuma hayana kazi kabisa." Akanitazama. "Yule wa nyuma alikuwa anakula yai njia nzima."

Kesho yake aliipitia karakana ya fundi baiskeli wa kona, tunayemwita Spoki kwa wembamba wake. Spoki alisikiliza, akachora kwa msumari kwenye udongo, akafuta, akachora tena. Alisema inawezekana: achukue baiskeli mbili imara, akate moja mbele na nyingine nyuma, aunganishe kwa bomba nene la chini, achomelee, na mnyororo mmoja upite kutoka kwa wa mbele hadi kwa wa nyuma. Moja alikuwa nayo. Nyingine iwe nzito, ya zamani, chuma cha kweli.

Wote tulijua iko wapi baiskeli ya namna hiyo.

Mke wangu hakuikata kwa siri, na hapo nilimheshimu. Aliingia chumbani kwa kaka yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia yote. Mimi nilikuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni, tayari kukimbia.

"Unataka kuikata baiskeli yangu," kaka alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Ili unibebe nyuma kama gunia la mkaa."

"Gunia halikanyagi pedeli. Mimi nataka miguu. Kilima cha tangi kinanimaliza, sasa nimekuwa mtu mzima, nashuka na kuisukuma baiskeli."

Ulikuwa uongo mtupu. Kilima cha tangi hukipanda akiimba. Nadhani kaka aliupima uongo ule kwa mkono, akaona uzito wake.

"Tangu lini unashuka kwenye kile kilima?"

"Tangu ulipohitaji nishuke," akajibu mke wangu.

Kaka akageukia ukutani. Tukadhani ndiyo basi. Kisha tukasikia, kutoka ndani ya shuka: "Mwambie Spoki asikate bomba la kiti. Limepinda kidogo, lakini limepinda kwa makalio yangu."

Spoki aliileta yeye mwenyewe kwa miguu, ikiwa ndefu kama ngazi, nusu nyeusi nusu kijani, alama za kuchomelea zikiwa bado zinang'aa. Mtaa ukatoka nje. Kaka akaipapasa yote kutoka mwanzo mpaka mwisho bila neno. Alipofika kwenye kiti chake mkono ulikaa hapo. Kisha akauliza, "Kengele iko wapi?"

"Mbele," akasema Spoki.

"Mimi pia nataka ya kwangu."

Safari ya kwanza haikufika kwenye duka la jirani. Mke wangu alianza vizuri, wakaenda kama nyoka, watoto wakishangilia, halafu akataka kukata kona ya kulia. Mtu aliyeendesha maisha yake yote haendeshi kwa mikono tu, anaendesha kwa kiuno na mabega, na kaka, asiyejua kona inakuja, mwili wake ukang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Wakaanguka mbele ya macho yangu, yeye chini, mke wangu juu, baiskeli ikiwafunika wote. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipoona kiwiko cha shemeji kimechubuka na uso wake umekuwa kama wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

"Unaegemea!" mke wangu alimfokea, kwa kuwa hofu yake hutoka kwa mlango wa hasira.

"Wewe unanifundisha mimi baiskeli? Mimi niliyekushikia kiti ukilia kamasi?"

"Ulinishikia kiti, sawa! Sasa kaa kwenye chako!"

Hawakusemeshana siku kadhaa. Baiskeli ndefu ililala ubavuni mwa nyumba, nami nikawa mpeleka habari: mwambie mkeo chumvi imekwisha, mwambie shemeji yako najua.

Spoki ndiye aliyewapatanisha, bila kujua kwamba anapatanisha. Alikuja kukaza mnyororo, akaona wamenuna, akamuuliza mke wangu, "Ulimwambia kona inakuja?"

"Si anaijua kona hiyo? Ameipita maisha yake yote."

"Anajua iko wapi. Hajui wewe unaikata lini." Spoki akafuta mikono. "Mama Pedeli, wewe umezoea kuendesha ukiwa umenyamaza. Hii haiendeshwi kimya. Hii ni lazima uongee kama mtangazaji wa mpira."

Kutoka chumbani kaka akapaza sauti: "Na mtangazaji awe anasema ukweli!"

Wakajaribu tena asubuhi ya Jumamosi, mtaa ukiwa bado umelala. Nilisikia sauti ya mke wangu ikienda na kurudi chini ya dirisha. "Tunaanza. Kanyaga. Kulia, taratibu. Acha kukanyaga. Tuta. Kanyaga." Kaka akijibu "haya, haya" kwa kila neno. Mara ya kwanza sauti zilikuwa za watu wawili wanaobeba kabati ngazini. Kufikia saa ya chai zilikuwa zimelegea, na katikati ya maagizo zikaingia habari. "Kushoto. Yule mama wa kuku ameweka bati jipya. Tuta." Niliacha sindano hewani, nikasikiliza. Shemeji alikuwa anacheka, na siyo kwa ustaarabu.

Siku hiyohiyo alinyoa ndevu.

Jumapili chache baadaye wakafuatana na wenzao bwawani. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na watu wote na hakuna masimulizi mawili yanayofanana, lakini katika jambo moja wanakubaliana. Kabla ya bwawa kuna mteremko mrefu ulionyooka, na mke wangu, akiwa na roho ya mtu mwingine nyuma yake, alishika breki mapema.

"Mbele kuna nini?" kaka akauliza.

"Hakuna kitu. Barabara tu."

"Gari?"

"Hamna."

"Basi mbona unanibania?"

Akaachia. Baiskeli ile ni nzito, imebeba watu wawili, na mteremko una haki yake. Nesi anasema waliwapita kama lori lisilo na breki. Mwalimu wa hesabu anasema hajawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele namna ile. Kaka alikuwa ameachia vishikio, mikono juu, akipiga mayowe bila maneno, na mke wangu mbele yake akilia machozi ambayo upepo uliyapeleka masikioni. Alipofika nyumbani aliniapia kwamba ni vumbi. Nimeshona nguo nyingi za harusi na za msiba, naijua tofauti ya vumbi na kitu kingine.

Baada ya hapo kaka hakutaka tena kusubiri Jumapili. Akaanza kumsindikiza mke wangu kazini. Wanaondoka pamoja, anakaa kwenye benchi la kliniki akipiga soga na wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba, na wakati wa chakula cha mchana mke wangu anamrudisha. Kilima cha tangi, ambacho eti kilikuwa kinammaliza, sasa walikipanda wakibishana nani anategea.

Asubuhi moja, kabla magari hayajajaa, walikuwa wanapita mtaa wa nyuma ya soko. Kaka akasema, "Simama."

"Nimechelewa, kaka."

"Simama, nimekwambia."

Akashuka, akapapasa kwa kiatu mpaka akapata kifuniko cha bomba, akapiga magoti na kuweka sikio juu yake. Watu wakampita wakidhani anasali, au amelewa. Alikaa hapo mpaka mke wangu akaanza kukata tamaa ya kufika kazini kabla ya mteja wa kwanza.

"Kuna maji yanatoka," alisema akijifuta goti. "Si kwenye mita. Mbele zaidi, chini ya lami. Yanasema sss, hayasemi tik tik. Piga simu idarani."

Mke wangu akapiga, wakaandika, wakashukuru kama wanavyoshukuru siku zote. Baada ya siku chache walikuja kuchimba pale. Chini ya lami bomba lilikuwa na ufa, na udongo wote kando yake umeshageuka uji. Barabara ingezama na lori siku yoyote.

Msimamizi wa mabomba alikuja nyumbani mwenyewe. Alikuwa bosi wa shemeji siku za mita, mtu mnene, mpole, anayehema akikaa na akisimama. Alikaa kwenye kiti cha wateja, nikamwondolea gauni la watu.

"Kumbe bado unatusikilizia," alimwambia kaka.

"Nilikuwa napita tu, mkuu."

"Sasa sikia. Tuna ule ufito wa chuma wa kusikilizia mabomba. Unaweka ncha kwenye bomba, sikio juu. Mzee aliyekuwa anaufanyia kazi amestaafu. Hawa waliobaki sikio moja liko kwenye ufito, jingine kwenye simu. Kazi ni ya alfajiri mpaka jua lichomoze vizuri, mji ukiwa bado kimya, siku tatu kwa wiki. Utakuwa na mwenzako wa kuandika na kuchora alama. Unaonaje?"

Nilijiuma ulimi kwa lile "unaonaje", lakini shemeji alitabasamu.

"Naona ni vizuri," akasema. "Ila msinitume kwenye nyumba yenye mbwa asiyebweka."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama jikoni akijifanya kuosha sufuria moja tangu mgeni aingie, aliliangusha.

Ningependa kukomea hapo, kwa kuwa hapo kila mtu alifurahi. Lakini mwanamke ninayemsimulia ni mke wangu, namwona mgongo kila asubuhi, na baada ya miezi kadhaa ya baiskeli ndefu niliona kwamba mgongo haubadiliki tena akifika kona. Anaondoka akitangaza, kulia, tuta, kanyaga, na anarudi sauti imekauka. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa inapata kutu kwenye ubavu wa nyumba. Nikamuuliza. Akakataa. Nikamuuliza tena akiwa anamenya viazi, maana mikono yake ikiwa na kazi mdomo husema kweli.

"Nimechoka kuongea," akasema. "Njia ile ilikuwa yangu. Nilikuwa natoka hapa nikiwa mke na nafika kule nikiwa fundi, na pale katikati sikuwa mtu wa mtu. Hata upepo siutukani tena, naona aibu mbele ya kaka." Akatupa kiazi kwenye maji. "Nitamwambiaje? Nimtoe kitandani halafu nimwambie ananibana?"

Hakuhitaji kumwambia. Nyumba yetu ina kuta nyembamba, na sisi tumezoea kusahau kwamba aliyekosa macho hajakosa masikio. Kaka alikuja akipapasa fremu ya mlango, akasimama.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilipanda baiskeli peke yangu tangu nilipong'oka meno ya utoto. Unadhani sijui utamu wa kiti kisicho na mtu nyuma yake? Shida yako unafikiri ukiniacha siku mbili nitarudi kitandani."

Mke wangu akachukua kiazi kingine.

"Sirudi. Kule kunachosha." Akapapasa mpaka akapata kigoda, akakaa. "Siku za ufito unanipeleka wewe, hiyo alfajiri siwezi kumwamini mtu mwingine. Siku nyingine nina miguu miwili ya kukodisha. Mwalimu wa hesabu ana tumbo linalokua, muulize kama anataka kiti cha mbele."

Mwalimu alikitaka. Alikitaka sana, ikawa tabu, kwa kuwa yeye hutangaza barabara kama anayefundisha: "Tuta liko umbali wa wastani, tupunguze kasi kwa theluthi." Kaka humwambia, "Mwalimu, sema tuta, theluthi nitaitafuta mwenyewe." Wanakwenda huko na huko mwalimu anapokuwa hana vipindi, wanarudi na vitunguu, na magazeti, na umbea ambao hata mimi na cherehani yangu ya mlangoni sijaupata.

Alhamisi iliyopita mke wangu alitoa baiskeli yake peke yake, mnyororo umepakwa mafuta. Akakunja suruali, akabonyeza tairi, akaondoka. Nilisimama mlangoni na shati la mtu mkononi. Alipofika kona alikuwa ameshanyooka.

Alivyonisimulia jioni, alikuwa anapanda barabara ya hospitali, ile inayoelekea kilima cha tangi, akitukana upepo kwa raha zake zote, aliposikia nyuma yake kengele mbili zikilia kwa pamoja. Hakugeuka. Alijua ni nani, akajua pia kwamba mwenye kengele ya nyuma ameshamtambua kwa matusi. Akainuka kwenye kiti na kukanyaga kwa nguvu zote. Baiskeli ndefu ikaja polepole kama treni ya mizigo, mwalimu ameiva uso, kaka nyuma yake ametulia, miguu inazunguka bila haraka. Wakampita karibu na lango la hospitali.

"Mwambie aliyeko kushoto kwetu," kaka alimwambia mwalimu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "akituhitaji kwenye kilima, aombe."

Mke wangu alicheka mpaka akashuka, akasukuma hatua chache, akapanda tena. Alifika kazini amechelewa, akavaa aproni yake nyeupe, akakoroga plasta, na mteja wa kwanza, bibi aliyekuja kujaribu meno yake mapya, akamuuliza anafurahia nini asubuhi yote hiyo.

"Nimeshindwa mbio," akamjibu. "Haya bibi, fungua mdomo tuone."